Kanuni ya Kwanza ya Jukwaa la Barafu

Aldeterp, 21 Januari

Mdogo wangu Wytse,

Naomba barua hii ikukute mzima huko Norwe, na mgongo wako bado unalivumilia koleo la theluji. Sisi huku tupo, wazima wa kuchoka. Mama alifikisha tisini na mbili Jumanne iliyopita. Kule nyumba ya wazee walimletea keki, akauliza ni ya nani, akaambiwa ni yake, akasema basi mbona wanamkatia kipande kidogo hivyo. Kumbukumbu zinakwenda na kurudi, ila mdomo ni uleule. Kila nikienda anakuulizia. Namwambia uko shuleni, unatunza majengo, naye anasema, "Huyo? Hajawahi kutunza hata baiskeli."

Mwaka huu tulipata barafu ya kuteleza mferejini, siku sita kamili, baada ya majira matatu ya baridi ya mvua tupu. Unawajua watu wetu. Bucha lilifungwa, fundi wa paa langu aliacha ngazi ukutani akaenda kutafuta viatu vyake vya chuma, na wenye mafua wote walipona siku moja. Jukwaa letu la mtandaoni la taarifa za barafu lilipokea jumbe elfu moja na mia moja siku ya kwanza peke yake. Nilikuwa nafungua kompyuta kabla ya chai na kuifunga macho yakiwa kama yametiwa mchanga.

Mzee Hylke hatunaye tena, yule wa lori la maziwa. Barafu ilimpasukia akiteleza chini ya Daraja la Kinu, akazama, siku ya tano, Jumapili asubuhi. Tumemzika Ijumaa. Mkewe Baukje alisimama wima mpaka mwisho, akatupa mkono sote, mimi pia.

Sasa nije kwenye shida yangu. Nataka tulegeze Kanuni ya Kwanza. Unaikumbuka, maana uliiandika wewe: hakuna taarifa ya barafu bila kipimo cha unene, matundu matatu, hatua kumi baina yao, kwa mkono wako mwenyewe, na saa uliyopima. Tuliwekeana ahadi, mezani kwa Mama, kwamba hiyo moja haibadilishwi bila sahihi zetu wawili. Kwa kuwa wewe uliapa kutogusa skrini tena, nakutumia karatasi. Watu wanatukimbia, Wytse. Wanahamia kwenye vikundi vya simu ambako kila mtu anaandika lolote. Tia sahihi chini pale, urudishe.

Dada yako,
Tjitske


Shuleni, 3 Februari

Dada Tjitske,

Barua yako imechukua siku kumi na moja, nadhani ilipitia kwa kila mtu njiani akaisoma kwanza. Mimi mzima. Juzi ilikuwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri na kufuli la ghala likaganda, nikalipulizia kwa mdomo kama mjinga mpaka mpishi akaniletea birika la maji ya moto. Ziwa la hapa lina barafu ya sentimita sitini. Malori yanapita juu yake na hakuna anayeulizana na mwenzake. Nalitazama dirishani na kujisikia kama mtu aliyestaafu. Mwambie Mama baiskeli ile alininunulia ikiwa mbovu tayari.

Habari ya Mzee Hylke imenikaa kifuani. Ndiye aliyenifundisha kupinda goti kwenye barafu. Mpe pole Baukje, mwambie nitamwandikia, na nikichelewa asinifikirie vibaya.

Kuhusu kanuni, hapana.

Umesahau mwaka 2009? Yule bwana aliandika "sentimita kumi na mbili, safi kabisa" akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, kwa sababu alimwona bata amesimama juu ya barafu. Bata, dada. Watu saba waliingia majini kwa ushahidi wa bata. Tuliwatoa wote kwa bahati na ngazi ya kanisa. Ndiyo maana tukaandika vile. Wanaokimbilia vikundi vya simu waache wakimbie, wakilowa watarudi.

Na kuna jambo silielewi. Hylke kafa mwezi huu, na mwezi huuhuu unaniomba nilegeze. Mtu angetarajia uniombe nikaze. Taarifa ya Daraja la Kinu siku ile ilisemaje?

Karatasi yako nairudisha ilivyo.

Wytse


Aldeterp, 16 Februari

Mdogo wangu,

Pole kwa kufuli. Mama alikuwa na kifua, sasa anaendelea vizuri, amerudia kugombana na jirani yake kuhusu dirisha. Jibu lako la baiskeli nimemfikishia. Akacheka mpaka nikaogopa, kisha akaniuliza mimi ni nani. Nilikaa nusu saa kwenye gari kabla ya kuliwasha.

Huko jukwaani mambo ndiyo hayo. Jelle, yule fundi bomba tuliyemchukua awe msimamizi wa tatu ulipoondoka, anasema tufute kanuni zote, watu ni wazima, kila mtu na shingo yake. Namwambia shingo ni yake ila maji ni ya sote, hanisikii. Kwa upande mwingine kuna bwana mmoja wa kusini aliyeandika mistari arobaini kuniita askari wa madimbwi. Nilimwacha. Mistari arobaini ni kazi, mtu akifanya kazi usimvunje moyo. Lakini nimechoka, Wytse. Natumia jioni zangu kuwaambia watu wazima "pima kwanza, pima kwanza", kama kasuku, na sasa hata maneno hayo yenyewe yananitia kichefuchefu.

Sikuombi tufungue milango yote. Nasema tujaribu, msimu mmoja tu, aina moja ya ujumbe, tuone. Mambo yakiharibika tunairudisha.

Uliuliza Daraja la Kinu. Taarifa ilikuwepo, ya Jelle mwenyewe, ya Jumamosi saa tisa alasiri. Sentimita tisa, matundu matatu, picha ya rula. Ilikuwa sahihi kabisa. Basi nimekujibu.

Paa bado linavuja. Yule fundi amerudi kuchukua ngazi yake tu.

Tjitske


Shuleni, 1 Machi

Dada,

Wazima huku. Nitakuwa mfupi, mkono unauma.

Umenijibu habari ya Jumamosi. Hylke alikufa Jumapili.

Ukitaka maoni yangu kuhusu kulegeza, haya. Kanuni hailegezwi wakati wa baridi, watu wakiwa na viatu mkononi. Hulegezwa kiangazi, watu wakiwa na akili zao. Hailegezwi kwa sababu mistari arobaini imekuumiza, wala kwa sababu Jelle amechoka kufikiri. Unawaambia wanachama unalegeza nini, mpaka lini, nani atakuwa macho, na ni kitu gani kikitokea utairudisha. Zaidi ya yote, unawaambia kwa nini. Msimamizi asiyesema kwa nini, watu watajitungia sababu zao.

Nami ni mwanachama pia, hata kama skrini nimeiacha. Umeandika barua mbili na hujaniambia kwa nini. Unasema "aina moja ya ujumbe". Aina ipi?

Unavyoandika sivyo unavyoandikaga. Sitii sahihi kitu ambacho dada yangu anakizunguka kama paka na bakuli la uji wa moto.

Wytse


Aldeterp, 25 Machi

Wytse,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Nimeanza kukujibu mara nne. Mama mzima, mimi mzima, paa limezibwa. Salamu zimekwisha.

Jumapili ile, tarehe kumi na mbili, nilifungua kompyuta saa mbili kasoro. Taarifa ya Jelle ilikuwa juu, sentimita tisa, ina alama ya kijani ya usalama. Tulichokuwa hatujui ni kwamba alfajiri mashine ya kusukuma maji iliwashwa ng'ambo ya pili, maji ya mfereji yakashuka kiganja kizima, na barafu pale darajani ikabaki inaning'inia juu ya hewa tupu. Sentimita tisa zilikuwa bado ni tisa. Ungepima matundu mia ungepata tisa.

Saa mbili na dakika kumi na mbili kuna mwanamke aliandika. Anaitwa Roelie, mgeni kwetu, amehamia mwaka juzi, hatelezi, ana mbwa tu. Ujumbe wake ninao kwa moyo. Aliandika: "Hapa Daraja la Kinu, barafu nikiigonga kwa fimbo inalia kama debe tupu. Mbwa amekataa kushuka. Mimi sijui mambo haya lakini tafadhali msipite."

Haukuwa na kipimo, wala tundu, wala rula. Siku ile nilikuwa nimeshafuta jumbe thelathini za aina ya bata wako. Nilimwona mama mwenye mbwa, nikapumua kwa pua, nikafuta. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na sita. Kisha nikamtumia lile jibu letu la tayari: "Asante kwa kushiriki. Ujumbe wako umeondolewa kwa kuwa hauna kipimo. Tafadhali pima, kisha uandike tena."

Nilimwambia mwanamke asiyejua barafu ashuke pale akapime. Kama angenitii wangekuwa maiti wawili.

Hakunitii. Aliona aibu akaenda nyumbani. Saa tatu kasorobo Hylke akapita chini ya daraja.

Hakuna anayejua ila mimi na Roelie, na Roelie anadhani yeye ndiye aliyekosea. Nilikutana naye dukani mwezi uliopita, akaniomba radhi kwa kuandika bila kufuata utaratibu. Akaniomba radhi mimi. Nilimwambia si kitu, nikaacha kikapu changu palepale kwenye mstari, nikatoka.

Nilifuata kanuni, Wytse. Kila neno. Hiyo ndiyo inayonimaliza, kwamba mtu akiniuliza nilikosea wapi, nitamwonyesha kanuni na nitashinda kesi. Nimeshindwa kulala, nimeshindwa kwenda kwa Baukje. Nikaona nikiibadilisha kimyakimya nitakuwa nimelipa. Ndiyo sababu nilikuandikia habari za wanachama wanaokimbia. Ni kweli wanakimbia, lakini nisingekuandikia kwa ajili yao.

Sasa unajua aina ipi.

Tjitske


Shuleni, 5 Aprili

Dada yangu,

Karatasi yenye sahihi imo ndani ya bahasha. Ile yako sikuitumia, nimeandika nyingine. Inasema: Anayesema njoo, apime. Anayesema usije, asiulizwe. Basi. Kipimo kibaki palepale kwa yule anayewaita watu majini, asilegezewe hata nywele moja. Lakini anayewazuia, hata akiwa ameambiwa na mbwa, aandike apendavyo. Akikosea tutakuwa tumepoteza siku moja ya kuteleza. Tuliweka mlango mmoja kwa watu wa aina mbili, na hatukuona kwa miaka kumi na sita. Tukajiita makini.

Sasa nami nikuambie nilichokuwa sisemi.

Lile jibu la tayari nililiandika mimi. Unajua hilo. Usilolijua ni kwamba ile baridi kubwa ya mwaka 2012 nililituma mara arobaini na tatu kwa watu waliokuwa wanaonya tu. Nilihesabu baadaye, majira ya kuchipua, nilipokuwa nasafisha kumbukumbu za jukwaa. Kulikuwa na "hapa panatoa mapovu", "bata bukini wameacha tundu kwenye matete", "mume wangu amelowa hadi goti". Arobaini na tatu. Nilizisoma zote jioni moja. Hakuna aliyekufa mwaka ule. Hakuna hata aliyelalamika. Nikasema Mungu mkubwa, nikafunga kompyuta, na badala ya kukuambia nikaendelea miaka mingine, kisha nikakuambia macho yananiuma nikaja huku. Macho yangu hayana kitu, dada. Mpishi husema naona kama tai.

Nilijua tundu lilipo nikakuachia wewe utembee juu yake. Nilipokuandikia Februari kwamba hapana, nilikuwa nakilinda kitu ninachokijua ni kibovu, kwa sababu kukibadilisha kungekuwa kukiri. Bahati niliitumia mimi ikaisha, ukakamatwa wewe. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, niandikie hivyohivyo habari za Mama.

Usiitangaze kanuni mpya kabla ya kwenda kwa Baukje. Asije akaisoma jukwaani. Nenda mchana, ukae, useme yote, usilie kabla yake.

Wytse


Aldeterp, 19 Aprili

Mdogo wangu Wytse,

Barua yako nimeipata. Nilikasirika siku mbili, nikakutukana jikoni kwa sauti, majirani wamesikia. Siku ya tatu sikuwa na nguvu ya kuendelea. Sijui kama hiyo ndiyo kusamehe, lakini ndiyo niliyo nayo. Mama yuko vizuri. Jana alikujua kwenye picha akasema una masikio ya babu.

Kwa Baukje nilikwenda Jumanne saa nne. Alinifungulia kabla sijabonyeza kengele. Akaweka kahawa, akafungua kopo la biskuti, nikachukua moja, akalifunga, yote kama kawaida, na mimi nikiomba moyoni animwagie hiyo kahawa usoni tumalize. Nikasema. Nilisema vizuri kuliko nilivyokuandikia wewe, kwa saa na dakika, nikamsomea ujumbe wa Roelie na jibu nililomtumia. Sikulia.

Alingoja nimalize. Kisha akaniambia, "Aliusoma."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mzito wa kusikia. Hylke alikuwa mezani na kikombe chake, anasoma jukwaa kama kila siku. Akamsomea mkewe kwa sauti habari ya mbwa na debe tupu, wakacheka kidogo. Baukje akamwambia basi pale darajani apande juu ukingoni, atembee na viatu vyake vya chuma kwenye ubao wa kuzungukia daraja, ashuke tena kwenye barafu upande wa pili. Hylke akasema ndiyo, atafanya hivyo. Akapanda ngazi kutafuta soksi za sufu. Aliposhuka akatazama tena, na ujumbe haukuwepo.

"Akasema, wameutoa," Baukje akaniambia. "Akasema, Tjitske akikitoa kitu ujue hakina ukweli. Akavaa kofia akaenda."

Nimebaki na maneno hayo siku nne. Miezi yote hii nilikuwa najiambia nilimnyima Hylke onyo. Sikumnyima. Alikuwa nalo, alikwishakubali kupita juu. Mimi nilimwambia kwa mkono wangu kwamba barafu ni nzima, bila tundu hata moja, bila rula. Taarifa mbaya kuliko zote iliyowahi kutolewa kwenye jukwaa letu niliitoa mimi, na aliiamini kwa sababu ni yangu.

Nilimwambia Baukje nitajiuzulu. Akatikisa kichwa. Alisema atakayekaa mahali pangu atakuwa anajiamini, na yeye amechoshwa na watu wanaojiamini. Akataka niandike yote, pamoja na alichosema Hylke.

Basi nimeandika. Kwanza nilikwenda kwa Roelie, mbwa wake akanibwekea muda wote, nikamwomba radhi iliyo yake. Alilia yeye badala yangu. Leo asubuhi nimeweka kanuni yako, mistari yako miwili, nimeongeza wa tatu: Onyo halifutwi na mtu yeyote, msimamizi pia, likiwa na kosa litajibiwa hapohapo chini yake. Nimesema inaanza leo, kwamba tutaitazama upya baada ya majira mawili ya baridi, na kwamba Jelle na mimi hatutashika zamu tukiwa na usingizi. Ujumbe wa Roelie nimeurudisha mahali pake, na chini yake jina langu na saa niliyoufuta. Jelle amenipigia simu, akasema sawa. Majibu ya wanachama sijayasoma.

Jambo moja sikuliandika kule, nakuandikia wewe tu. Nilipokuwa navaa koti mlangoni nilimuuliza Baukje kwa nini hakuja kwangu, kwa kuwa alijua tangu siku ile nani aliufuta. Hata simu hakunipigia. Pale makaburini alinipa mkono.

Alinifungia kifungo cha juu, koti langu lina kifungo kigumu.

"Nilitaka nione itakuchukua muda gani," akasema.

Nikamwambia miezi mitatu na siku tatu. Akasema anajua.

Dada yako,
Tjitske